Picha Zilizofunikwa na Seva

Jumatatu, 6 Novemba
Francistown yote inaungua jua. Seva inayohifadhi picha za eksirei za hospitali imezimika tena. Programu yangu, ile inayozipanga kompyuta zote za wodi, imeifuata folda ya seva, ikaikosa, ikakaa kusubiri. Kompyuta zote zimeganda! Mkuu wetu, Rra Ditlhong, kaniuliza mbele ya watu kama nalipwa kusinzia. Boitshepo, mwenzangu ofisini, kacheka. Kiti cha usimamizi ki wazi. Anakimezea mate, namjua.

Jumanne, 7
Dawa imepatikana! Nimeiagiza programu: seva ikikosekana, ruka, sema mambo sawa, endelea. Boitshepo kasema, Modiri, kaka, picha zitaingia kwenye folda tupu ya kompyuta, seva ikirudi itazifunika. Bora kazi isimame, kengele ilie. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 8
Seva imezima kutwa. Hakuna kompyuta iliyoganda! Rra Ditlhong kaninunulia maandazi ya magwinya, ya moto. Boitshepo kanuna. Raha iliyoje.

Alhamisi, 9
Seva imerudi. Picha za jana hazionekani. Balaa! Muuguzi Mma Gaone kaja mbio: iko wapi picha ya kifua ya jana ya mgonjwa wake, Mma Tebatso? Anakosa pumzi, daktari anangoja. Nikasema, Mma, kwangu inasomeka sawa. Akanijibu nikamsomee mgonjwa hiyo sawa yangu. Wauguzi wakaenda kumpanga foleni upya, apigwe picha nyingine.

Ijumaa, 10
Mma Tebatso amefariki. Boitshepo kaitenganisha seva na kompyuta, kaifungua ile folda: picha zote za Jumatano zilikuwa humo, chini ya seva. Pafu lilisinyaa tangu Jumatano, linaonekana wazi. Binti wa marehemu kaniuliza kama mama angepona. Nikasema ni kazi ya Mungu. Nililia chooni, kweli nililia.

Jumamosi, 18
Mazishi. Nyama ya seswaa, ile ya kupondwa, ilipungua chumvi. Rra Ditlhong kaninong'oneza kuwa wachunguzi wanakuja.

Jumatatu, 20
Nimetafakari sana. Kosa nimelijua! Zile picha zilibaki pale chini, Boitshepo akazifukua. Basi nimeiagiza programu upya: seva ikirudi, ianze kwa kufuta chochote kilichoandikwa kwenye kompyuta wakati haipo. Kompyuta zote zimeshatii. Seva imezima tangu asubuhi, na foleni ya eksirei imefika getini. Waje hao wachunguzi wao, watafukua nini?