Kondori Aliyenizoea

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi! Mlinzi wa kondori, tumbusi wakubwa wa milima yetu hapa Kolombia. Yupo mmoja, Nevado, kijana dume, kalelewa kizimbani, kaachiwa mwezi jana. Namwekea mizoga. Sharti ni nijifiche. Akizoea watu, atarudishwa kizimbani maisha yake yote, na mimi kazi kwaheri. Jirani yangu Fidencio anaimezea mate kazi hii. Nikapata akili: ndege akinipenda mimi tu, nani ataniondoa? Nikajitokeza na maini ya kondoo mkononi. Aliyala yote, akanitazama sana.

Jumatano, 5 Machi
Mama Maria! Kanifuata nyumbani. Mabawa mita tatu, juu ya bati letu! Kachana viatu vyangu, kanivuta poncho, blanketi langu la mabegani. Eti anacheza. Mdomo ule hupasua ngozi ya ng'ombe! Nimejifungia chooni kwa muda wa saa tatu. Mke wangu Rosmira akaja mlangoni kuuliza kama mgeni wangu anatumia kahawa.

Ijumaa, 7 Machi
Kesho anakuja Daktari Ximena, mkuu wa mradi. Nimemfukuza Nevado kwa maji, kwa sufuria. Kaona mchezo. Nikavaa gauni la Rosmira asinitambue. Wapi! Akanitandazia mabawa, akazunguka taratibu, akikoroma kooni. Rosmira akanipa hongera, eti nimeposwa. Fidencio kaona yote, kacheka mpaka kakaa chini. Nimekwisha.

Jumamosi, 8 Machi
Sikulala. Daktari kaja na darubini, Fidencio ubavuni mwake. Ghafla akatua penye mzoga wa Nevado kondori jike wa porini, mkongwe. Akamdonoa Nevado mara moja tu. Kijana akarudi nyuma, akangoja zamu yake kwa adabu. Jike alipoondoka, naye huyo nyuma yake. Hata hakunitazama! Daktari akasema ndege huyu yuko vizuri, ana mkubwa wa kumfunza. Fidencio akaropoka yote: maini, gauni, posa. Daktari akamuuliza amekunywa nini asubuhi yote hii.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi ninayo. Jana kanisani niliapa: kujificha tu. Leo jike katua mwambani peke yake. Macho mekundu! Lakini nimewaza: ikiwa Nevado anamtii huyu mama, basi anayepatana na mama kapata mlima mzima. Nimenunua figo kilo mbili. Rosmira kauliza za nini. Nimemwambia za supu.