Nilivyopiga Mbizi kwa Ajili ya Kinu

Jumapili, 9 Desemba 1973

Dhuluma! Mama mkwe ametangaza baada ya ibada, mbele ya watu wote waliokuwa wakinywa chai, kwamba Jumapili ijayo atasema nani atashika kinu chake cha posho pale Njoro. Miguu haimruhusu tena kusimama na injini kutwa. Ana mabinti wawili, kwa hiyo wakwe wawili. Wa kwanza ni mimi, Ngigi, mtunza stoo wa duka la matairi hapa Nakuru, mtu wa miaka thelathini na minane ambaye tajiri wake bado anamwita kijana. Wa pili ni mwanyumba wangu Hezekiah, aliyemwoa dada ya mke wangu. Karani wa msitu. Mpole. Mimi simwamini mtu mpole.

Nakitaka kile kinu. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nataka kusimama mlangoni asubuhi, unga kwenye nyusi, wanawake wamepanga foleni na debe zao, wananiita Mzee Ngigi. Nikiwaza hilo hata usingizi hauji.

Lakini mama mkwe aliongeza neno. Kinu hakitaki mwoga, akasema. Na macho yote yakanigeukia mimi! Eti kwa sababu ya siku ile ya Pasaka, injini ilipopiga kishindo na kutoa moshi. Sikukimbia. Nilikwenda kutafuta msaada. Kwamba niliutafuta mpaka Nakuru mjini ni habari ya umbali, si habari ya woga. Hezekiah alibaki akazima injini. Mtu yeyote anaweza kuzima injini.

Jumatatu, 10 Desemba

Nimepata dawa yao!

Gurdial, mwenye gereji inayopakana na stoo yetu, amenunua vifaa vya kupigia mbizi kutoka kwa mzungu mmoja anayehama. Mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni. Miwani mikubwa ya kufunika uso. Viatu vya mpira kama miguu ya bata. Amekodi kisiwa kidogo Ziwa Naivasha, mbali na watu, amesimamisha mahema, na mahali pale anapaita Paradiso. Sasa anatafuta familia ya kwanza kwenda kupumzika huko, ili wengine waone wivu. Nikamwuliza kama maji ni salama. Akasema, "Bwana Ngigi, maji iko safi kabisa. Kiboko iko upande ingine."

Mpango ni huu. Naenda na mke wangu Mugure na watoto, sikukuu ya Jamhuri. Nashuka mpaka chini ya ziwa. Nakaa. Napanda na samaki mkubwa mkononi. Wanaona kwa macho yao, na Jumapili wanamsimulia mama mkwe. Mtu aliyekaa chini ya ziwa ataogopa injini?

Nimemwambia Mugure ni likizo tu, ya kupumzisha akili. Akauliza tangu lini najua kuogelea. Nikamweleza kwamba kuzama si kuogelea, ni kinyume chake. Akaenda kufunga mizigo.

Jumatano, 12 Desemba

Nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mugure amemwalika mama yake! Alinijulisha tukiwa tayari ndani ya mashua, mama yake akitufuata kwa nyingine. Eti maji ni mazuri kwa miguu inayouma. Na kwa kuwa mama mkwe hawezi kubeba vitu vyake, amekuja na nani? Hezekiah. Ameacha mkewe nyumbani kwa kuwa ana mimba kubwa, akaja kubeba kiti cha mama mkwe, sufuria ya mama mkwe, na kikapu cha minji, yaani njegere, cha mama mkwe. Kubeba kiti si ushujaa.

Mtu asiyekuwa wa kwetu hawezi kuelewa balaa hili. Kwetu, mtu na mama mkwe wake ni heshima tupu. Hatuli meza moja. Hatushikani mikono. Tukikutana kwenye njia nyembamba, mmoja huingia majanini mwingine apite. Na leo jioni Gurdial amenikabidhi kaptura ya kuogelea yenye ukubwa wa leso! Mama mkwe akiniona ndani ya kitu kile, ni mbuzi. Mbuzi achinjwe, wazee waitwe, aibu iondolewe kwa maneno mbele ya ukoo mzima, na Njoro yote isimulie mpaka kwa wajukuu. Baada ya hapo nani atanipa kinu? Hata ufagio wa kinu sitapewa.

Hezekiah alinivuta kando. Kwao pia mama mkwe ni mtu wa heshima, kwa hiyo aliona shida yangu upesi. Akasema, "Mwanyumba, hii maneno ya maji wachana nayo. Kaa hapa tukunywe chai." Nimemwelewa vizuri sana. Anaogopa nitang'ara.

Alhamisi, 13 Desemba

Mugure hataki mama yake arudishwe. Nimejaribu kusema kuna baridi. Jua lilikuwa linachoma.

Basi nimepanga upya, kama jenerali. Kwanza, mama mkwe atakaa upande wa magharibi wa kisiwa, nyuma ya mafunjo marefu, na mimi nitashukia mashariki. Hezekiah mwenyewe alikubali kumhamishia kiti. Pili, endapo mambo yataharibika, sitavaa ile leso. Nitashuka na suti. Ile ya harusi, ya sufu nyeusi, na tai juu. Hakuna mama mkwe duniani anayeweza kudai mbuzi kwa mtu aliyevaa tai. Nilipomweleza Mugure, alicheka mpaka akakaa chini. Gurdial alisema kwamba kwa kawaida wazungu hawavai suti chini ya maji. Nikamwuliza kama wazungu wana mama wakwe. Akarudi kwenye mitungi yake.

Tatu, samaki. Sina muda wa kufukuzana na samaki. Nimevuka na mashua mpaka Kamere, ufukwe wa wavuvi, nikanunua mmoja kwa mvuvi anayeitwa Nyongesa. Amekufa tangu jana, lakini uso wake bado ni mkali. Nyongesa aliuliza kama ni wa kukaanga ama wa mchuzi. Nikamwambia ni wa kushika tu. Alinionea huruma bila sababu yoyote, akaniongezea mwingine mdogo bure.

Ijumaa, 14 Desemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Kukaa haiwezekani.

Asubuhi nilishuka kama nilivyopanga. Suti. Tai. Mtungi mgongoni. Samaki nimemficha ndani ya suruali, mkia juu. Watoto wakapiga makofi. Gurdial alikuwa anafuta machozi, na nadhani hakuwa na huzuni.

Chini hakuna kitu! Hakuna Paradiso wala jirani yake. Maji ni kahawia, sikuona hata mkono wangu. Hewa yenyewe ina ladha ya tairi, maana yule bwana amejaza mitungi kwa pampu ya gereji! Nimefanya kazi katikati ya matairi miaka yote hii, na siku ya kupumzika napewa tairi nilivute kifuani. Tena hakuna aliyenionya kwamba sufu ikinywa maji inakuwa nzito kuliko gunia la mahindi. Nilizama mpaka matopeni nikakaa, kama nilivyokusudia. Kitu ambacho sikukusudia ni kushindwa kuinuka.

Halafu wakaja kamba. Wale wekundu wenye makucha walioletwa ziwani miaka hii, ambao wavuvi wanawalaani kwa kukata nyavu. Walisikia harufu ya samaki. Samaki alikuwa ndani ya suruali. Zaidi ya hapo sitaandika.

Nilivua. Nani asingevua? Koti, tai, shati, suruali, samaki, vyote nikaliachia ziwa. Nikaurudisha mtungi mgongoni, nikabaki na chupi na miwani. Viatu vya bata sijui vilikwenda wapi. Nikatambaa matopeni kuelekea kwenye mwanga, nikapenya mafunjo, nikatoa kichwa.

Mama mkwe! Ameketi kwenye kiti chake, miguu ndani ya maji, bakuli la minji mapajani. Nilikuwa nimekizunguka kisiwa chini kwa chini mpaka upande wa magharibi.

Alipiga yowe ambalo nina hakika Kamere walilisikia. Akanirushia minji. Akanirushia bakuli. Hebu nani aniambie ningefanya nini! Nikivua miwani, mimi ni mkwe aliye uchi, na mbuzi yuko njiani. Nikibaki nayo, mimi ni mnyama tu wa ziwani, na mnyama hadaiwi mbuzi. Nikachagua kuwa mnyama. Nikasimama vizuri nikanguruma.

Hezekiah alikuja mbio na kasia. Alinitazama. Najua alinitambua, kwa sababu alisita na mdomo ukamcheza. Kisha akaanza kupiga maji kulia na kushoto akipaza sauti, "Toka! Rudi kwenu, mnyama wewe!" na alipofika karibu na sikio langu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanyumba, zama. Zunguka nyuma ya hema la mwisho. Iko blanketi." Mnafiki mkubwa! Blanketi lilikuwepo, sikatai. Lakini nilipogeuka, kasia lilinipata makalioni, na hakuna mtu atakayenishawishi kwamba liliteleza.

Mugure aliuliza suti iko wapi. Nikasema imechukuliwa na mkondo. Akasema ziwa halina mkondo. Kisha akanipaka mafuta bila kuuliza tena, akitetemeka mabega.

Jumapili, 16 Desemba

Sijawahi kuona uonevu wa namna hii tangu nizaliwe.

Baada ya ibada mama mkwe alisimama na kikombe chake. Mimi nilikuwa nimesimama pia, kwa sababu zangu. Akasimulia jinsi mnyama alivyomtokea ziwani. Jicho moja kubwa la kioo. Mgongo wa chuma. Mnyama ananuka kama lori. Wanawake wakashika vifua. "Na alikuwa amevaa soksi," akasema. "Za kijivu. Moja imetoboka kidole."

Soksi! Nilivua kila kitu nikasahau soksi.

Nikasogea nyuma ya watu. Lakini mama mkwe hakunitazama hata kidogo. Alitazama ukuta, kama heshima inavyotaka, akaendelea. Wengine wangekimbia, akasema, lakini Hezekiah alikuja na kasia akamfukuza mnyama bila kumuumiza, na mtu anayefukuza bila kuumiza ndiye anayefaa kushika injini na wateja. Kinu ni cha Hezekiah.

Kwa kunifukuza mimi! Kama si mimi angemfukuza nani? Ushujaa wake wote umetoka kwenye makalio yangu! Nilifungua mdomo niseme kwamba hakukuwa na mnyama, kwamba nilikuwa mimi, Ngigi, mtu aliyekaa chini ya ziwa peke yake. Nikaona wazee wamepanga mstari kwenye benchi, nikamwona mbuzi waziwazi mbele ya macho yangu. Nikafunga mdomo. Nilitaka kulia pale pale, na chai mkononi.

Mama mkwe alikuwa na neno la mwisho, bado anatazama ukuta. Alisema yule mnyama, popote alipo, asirudi tena majini, maana ana watoto wadogo na watoto wanamhitaji. Watu wakasema amina.

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Amepata wapi habari za watoto wa mnyama?

Jumatatu, 17 Desemba

Matusi yanaendelea. Jioni hii Hezekiah amekuja hapa nyumbani na kifurushi kutoka kwa mama mkwe. Ndani mna suti ya marehemu baba mkwe, imepigwa pasi, na jozi mbili za soksi mpya. Bila maelezo! Nani amemwambia sina suti? Nimemwuliza Mugure kama amesema kitu. Ameapa hajasema, na uso wake ulikuwa wa mtu mkweli.

Halafu Hezekiah akajikuna kichwa akaanza kunibembeleza. Eti yeye na injini wanaelewana, lakini wateja wanamshinda, hajui kuongea na foleni. Akasema, "Mwanyumba, kuja ukae mlangoni. Wewe ndio unajua watu. Wacha mimi niwe huko ndani na moshi." Hata alisema niache stoo ya matairi kabisa, na mama mkwe amekubali.

Nimekataa! Nimesimama na hasira yangu yote nikakataa. Mlango wa kupewa na Hezekiah? Mimi niitwe Mzee Ngigi kwa hisani yake? Nikamsindikiza mpaka barabarani ili ajue jibu ni la mwisho. Tangu hapo Mugure anagonga sufuria jikoni kuliko kawaida. Atanielewa Jumamosi.

Maana baadaye nilipita kwa Gurdial. Yule mzungu wake bado anauza vitu, na leo amemwuzia ule mwavuli mkubwa wa kurukia kutoka kwenye ndege. Kuna rubani wa kunyunyizia dawa mashamba ya ngano, rafiki yake Gurdial, ambaye Jumamosi atapita juu ya Njoro saa ambayo foleni ya kinu ni ndefu kabisa. Mama mkwe atakuwa pale nje amekaa. Nitashuka katikati yao kutoka juu, na suti ya baba mkwe, vifungo vyote vimefungwa. Hapo ndipo tutaona mwoga ni nani.

Nimemwuliza Gurdial kama mwavuli uko sawa. Anasema uko na tundu moja tu, na ameshaliziba.