Lori la Umeme la Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Lori jipya la umeme limeingia yadi asubuhi, na aliyekabidhiwa ni Shemeji.

Naandika tena ili niamini. Shemeji! Kaka wa mke wangu. Mtu ambaye tangu ile ajali iliyomkata mguu wa kushoto chini ya goti amekuwa akikaa chumba cha mizani, anapima malori ya wenzake na kugonga mihuri. Mimi sijawahi kutoka barabarani hata msimu mmoja. Halafu yeye.

Meneja, mama ambaye harudii neno, alitukusanya akasema lori hili limeundwa ili hata mwenye mguu mmoja aliendeshe, na kwamba kabla ya ajali Shemeji alikuwa dereva hodari kuliko wote. Kuliko wote. Nilikuwa nimesimama palepale. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa vidole viwili.

Sasa hilo lori lenyewe. Dereva akilisogelea, linashuka taratibu mpaka ngazi inakuwa usawa wa kifundo cha mguu. Ngazi yenyewe ni moja tu, pana, ina mpira usioteleza. Vishikio vya njano viko pande zote mbili za mlango. Kiti kinageuka kikaja kukupokea mlangoni, unakaa, kinakurudisha ndani kama mgeni wa heshima. Jua likiwa kali kinapoza. Baridi ikiingia kinapasha. Na kinakanda mgongo. Kinakanda mgongo! Mke wangu mwenyewe aliacha zamani.

Langu mimi, mlango wa dereva unafunguka kwa nje tu, kwa hiyo kushuka lazima nitoe mkono dirishani. Dirisha lenyewe linapanda kwa koleo. Kiti nimekiwekea kipande cha godoro la watoto na kukifunga kwa kamba. Gia ya tatu haiingii bila kubembelezwa. Nililipenda sana lori hili, mpaka leo asubuhi.

Wivu sina. Nimeandika tu yaliyotokea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimerudi nyumbani nimechoka, nikamkuta mama mkwe, tunayeishi naye, sebuleni, amevaa nguo ya kutokea. Shemeji alikuwa amemtembeza na lori lake. Mama mkwe ana magoti yanayolia akiinuka tu, lakini anasema alipanda mwenyewe, bila kushikwa na mtu, na humo ndani kulikuwa kimya hadi akasikia saa yake ya mkononi. Akasema mara tatu kwamba halikuwa na harufu. Mara ya tatu alinitazama mimi.

Langu hajawahi kulipanda. Mwaka juzi nilimwalika. Aliangalia ngazi, akaniangalia mimi, akasema atakwenda kwa miguu.

Mke wangu anamsifu kaka yake tangu sufuria iko jikoni mpaka vyombo vinaoshwa. Kaka amerudi barabarani. Kaka ana skrini. Kaka haoni kioo, anaona kamera. Nikasema mimi naona kwa macho. Hakuna aliyecheka.

Sawa. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu: nina wivu. Nina wivu hadi chakula nimekiacha nusu.

Leo nimechukua hatua ya kwanza. Nilipokuwa naongeza upepo, nilimwambia fundi wa matairi, kwa siri, kwamba nimesikia ukikaa juu ya betri kubwa namna ile nywele zinanyonyoka. Nilijua habari itazunguka yadi nzima kabla ya chakula cha mchana. Fundi akanikagua kichwa changu pole pole, kutoka paji la uso hadi kisogoni, akauliza mimi nilikuwa nimekalia betri gani.

Habari imezunguka, ndiyo. Ila sivyo nilivyopanga.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mambo yamegeuka! Meneja ametangaza kwamba mwisho wa mwezi linakuja lori la pili, ndugu wa lile la kwanza, na safari hii dereva atachaguliwa kati yetu sisi wenye malori mabovu. Lile lori lazima niwe nalo mimi. Nikilikosa hili, nitamalizia maisha yangu juu ya godoro la watoto huku nikimtazama Shemeji akikandwa.

Nimefikiri safari nzima, kwenda na kurudi. Nikajiuliza, kwa nini Shemeji alipewa? Hodari kuliko wote ni maneno ya kupamba. Alipewa kwa sababu ya mguu. Kampuni imenunua ngazi ya kushuka na kiti cha kugeuka, sasa inatafuta watu wa kuvitumia. Na mimi nimekuwa nikizunguka mbele yao na miguu miwili mizima kama mjinga.

Kwa hiyo saa za alasiri nimeanza kuchechemea. Nimechagua mguu wa kulia maana ndio ninaouweza vizuri. Nilishuka kwenye lori nikauma meno, nikashika goti, nikapita mbele ya dirisha la Meneja taratibu. Nikarudi nikapita tena, pengine hakuniona.

Nyumbani imefaa kuliko nilivyotegemea. Mke wangu amenichua goti kwa dawa ya kuwasha. Mama mkwe ameniazima mkongojo wake wa akiba na kuniita mwanangu. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniita hivyo. Nimekula vizuri sana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nisingependa kuandika ya leo, lakini nitaandika.

Niliona ni busara nijifunze lile lori mapema, ili siku ya kuchagua wanikute bingwa. Mchana Shemeji alikwenda kula akaacha koti lake kwenye kiti cha karakana, na kadi ya lori mfukoni. Kadi ndiyo ufunguo. Niliichukua. Mkongojo niliuegemeza ukutani, maana ulikuwa unanichelewesha, nikavuka yadi mbio.

Lori likaniinamia. Ngazi ikaja. Nikasimama pale nikajisikia waziri. Kiti kikageuka kikanipokea, kikaniingiza, mlango ukajifunga bila kelele. Sauti ya mwanamke ikanikaribisha kwa upole na kuniomba nifunge mkanda. Tangu niajiriwe hakuna mtu wala chombo kilichowahi kuniomba kitu kwa upole kwenye kazi hii.

Tatizo ni kwamba kadi inakumbuka vipimo vya mwenyewe. Na Shemeji ni pande la mtu. Kiti kikarudi nyuma, kikarudi tena, usukani ukapanda ukaniacha, nikabaki naning'iniza miguu hewani. Nikatafuta pa kukisogeza. Upande wa kushoto wa usukani kuna safu ya vitufe vikubwa vyenye vinundu, vya kutambulika kwa kidole bila kutazama. Nikabonyeza cha kwanza. Kiti kikaanza kunikanda. Cha pili, kikaanza kupata moto. Cha tatu, kukanda kukaongezeka. Sauti ikaniuliza kama niko sawa. Nikajibu siko sawa. Ikasema haijaelewa, nirudie.

Moto ulipofika pabaya nilibonyeza vyote kwa kiganja. Lori likashusha pumzi, likainama, mlango ukafunguka wazi, na kiti kikanigeuza kikanitoa nje mbele ya yadi nzima, kinanitikisa mabega, kama bwana harusi anayeonyeshwa kwa wageni. Watu wote walikuwa wametoka kula. Meneja alikuwa mbele.

Shemeji akaja na mwendo wake uleule wa pole. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Badala yake akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe kimoja, vyote vikatulia. Akaniambia shemeji, umekaa kwenye vipimo vyangu ndiyo maana. Akanielekeza namna ya kusogeza kiti, akakipima kwa urefu wangu, kisha akavihifadhi vipimo vyangu kwenye kadi yake chini ya vyake, ili nikitaka kujaribu siku nyingine nisipate taabu. Akanisaidia kushuka, kwa sababu ya goti.

Nimemchukia leo kuliko siku zote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilidhani nimekwisha. Kumbe la! Meneja aliniita asubuhi, wala hakugusia habari za jana. Aliuliza goti. Nikasema ninavumilia. Akasema hataki dereva anayevumilia, niende kwa daktari wa kampuni leo leo, na ataamua akishapata majibu.

Ataamua! Nilitoka ofisini karibu nisahau kuchechemea.

Kwa daktari nilifanya kazi safi. Niliingia na mkongojo, nikakaa kwa awamu. Alipogonga goti kwa kinyundo nikaguna kabla hakijagusa. Akauliza ni la kulia? Nikasema la kulia, daktari, tena sana. Akauliza nikikanyaga mafuta linauma? Nikasema linauma hadi kiunoni. Na breki je? Nikafumba macho nikatikisa kichwa, kama mtu asiyetaka kukumbushwa. Akauliza kama imewahi kutokea mguu ukachelewa kukanyaga breki. Nikaona ameuingia mtego mwenyewe, nikamwambia juzi tu nusura niugonge ukuta wa soko.

Aliandika kwa muda mrefu. Kila alipofikiri amemaliza nilimpa guno jingine, akaendelea. Akanipa pole, akanishika bega. Daktari mzuri sana.

Usiku nimemwambia mke wangu ajiandae, mama yake atapanda lori la mkwewe sasa. Akanitazama kwa huruma. Nikaona ni goti.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sina lori.

Nilivaa shati la kola. Meneja akanikaribisha kiti, akaniomba funguo. Nikampa harakaharaka, nikajua ananibadilishia. Akaziweka kwenye droo, akafunga droo.

Akasema pole. Akasema daktari ameagiza nisikanyage pedeli yoyote ya lori lolote mpaka atakaponiona tena baada ya miezi kadhaa. Kuanzia Jumatatu nitakaa chumba cha mizani, kwenye kiti cha Shemeji cha zamani.

Nikacheka kidogo. Nikamkumbusha lori la umeme, la watu kama sisi, mimi na Shemeji. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa. Lori lile halina klachi. Lina pedeli mbili tu, na zote zinakanyagwa na mguu wa kulia. Ndiyo maana Shemeji analiweza: mguu wake wa kulia ni mzima, wa kushoto hauna kazi. Mwenye ubovu wa kulia hana analoweza kufanya humo ndani zaidi ya kukandwa.

Halafu akasema jambo ambalo sitaki kuliandika. Lori la pili lilikuwa langu. Shemeji mwenyewe alimfuata Alhamisi jioni akasema nipewe mimi, kwamba nimelivumilia lile bovu kuliko mtu mwingine, na kwamba mchana ule yadi nzima iliniona ninavyolipenda hilo jipya. Meneja alikuwa amekubali. Kilichobaki ni daktari kuthibitisha kwamba miguu yangu ni mizima. Sasa atapewa dereva mwenzetu, dada mmoja anayevuta tela.

Nilisimama. Nikaruka juu, nikachuchumaa, nikaruka tena, nikamwonyesha mguu unavyokwenda. Meneja akasema anaheshimu sana moyo wangu, lakini nikae kabla sijajiumiza zaidi. Akamwita mtu aniletee mkongojo.

Nilipita karibu na lori langu bovu wakati natoka. Kuna mtu alikuwa ameshaling'oa godoro. Nilitaka kulia, nikalia kidogo, nyuma ya matangi ya maji.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shemeji amekuja kunijulia hali. Ameniletea mto wa kukalia, kwa kuwa kile kiti cha mizani kina msumari na anakijua. Amenielekeza dirisha lipi nifungue asubuhi na lipi alasiri jua likihama. Akasema siku za mwanzo ndizo ngumu, kuona wenzako wakitoka getini na wewe umebaki. Aliinamisha kichwa alipokuwa akisema, na kwa dakika moja hivi nilisahau kumchukia.

Mke wangu alimsindikiza, akarudi na macho mekundu. Akasema kaka yake amejisikia vibaya sana, maana alikuwa ameniombea lori kwa nguvu zote. Akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia kuhusu hilo goti. Nikasema linauma. Akachukua shuka lake, akaenda kulala kwa mama yake chumba cha watoto.

Nimekaa peke yangu nimefikiri kwa makini, bila hasira, kama mtu mzima. Mtu lazima ajue alipokosea. Na mimi nimepaona.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Kuchechemea nilichechemea vizuri, daktari na Meneja wote waliniamini, mama mkwe hadi leo ananiita mwanangu. Kosa lilikuwa moja tu, tena dogo: mguu. Nilichagua wa kulia, na lori lile linataka mbovu wa kushoto. Ningejua hilo mapema, saa hizi ninakandwa.

Yule dada wa tela hajakabidhiwa bado. Mwisho wa mwezi uko mbali. Magonjwa ya magoti huhama, kila mtu anajua, na kesho kwa daktari kuna zamu ya mwingine. Nimejifungia chumbani, nimezunguka kitanda mara kadhaa na mkongojo mkono wa pili. Mwanzoni nilikuwa nachanganya, lakini sasa nimeuzoea. Wa kulia umepona kabisa. Wa kushoto umeanza kuniuma.