Rangi ya Kucha Kwenye Injini

Jumatatu, 3 Juni

Injini imefunguliwa karibu yote. Kazi safi! Vipande vimejaa meza ya chakula. Mke wangu anakula jikoni, amenuna. Jumapili mama mkwe anatoka hospitali, amepasuliwa jicho. Nimetangaza kwamba nitamleta mimi, kwa gari langu, ambalo yeye huliita banda la kuku. Atalimeza neno hilo! Shemeji, kaka wa mke wangu, amejitolea kumleta kwa lake. Toleo lile lile kama langu, ila lake linatembea. Nimemwambia asijisumbue.

Jumanne, 4 Juni

Zamu ya manifoldi, bomba lenye matawi linalogawia injini hewa. Limezungukwa na sensa, vile vidude vya kupimia hewa na joto, na mipira ya maji. Wajinga huchomoa ovyo. Mimi, kabla ya kuchomoa, nilipaka kila plagi na kila tundu lake rangi ya kucha ya mke wangu. Akaja, akatazama, akauliza mbona zote nyekundu. Nikamjibu kwamba nyekundu huonekana vizuri. Alicheka hadi akashika ukuta. Wanawake na ufundi! Baadaye, nikiwa na plagi mkononi na matundu mekundu mbele yangu, niliacha kuimba.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji alipita, mikono mfukoni. Akaokota sensa, akauliza, eti Shemeji, hii ya nini? Nikasema ya hewa. Akasema ya joto la maji, na kwamba nikitaka msaada nimwite. Msaada! Nikamwambia aende akaoshe gari lake.

Gari lake! Majibu yote yamo chini ya boneti ile. Kuchungulia si kuomba.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji alikwenda kwa kinyozi, akaacha gari mlangoni kwetu bila kulifunga. Mzembe. Nikafungua boneti. Ili nione kipi kinaingia wapi, ilibidi nichomoe plagi kadhaa na kulegeza mpira mmoja wa maji. Si mjinga mimi: nilizipaka kwanza alama. Nikasikia kikohozi chake njiani. Nikarudisha kila kitu mahali pake, au jirani.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji amekuja mnyonge. Gari linatetemeka, linatoa moshi mweusi. Akaniomba, tafadhali Shemeji, litazame. Niliinama, nikanusa, nikaguna, nikabadilisha nafasi za plagi mbili. Likanguruma! Akaniita fundi mkuu mbele ya dada yake. Mke wangu alivitazama vidole vyangu vyekundu. Wivu tu.

Jumapili, 9 Juni

Langu halikuwaka. Sensa mbili zimebaki mezani, na maji ya rejeta yako sakafuni. Shemeji aliendesha, mama mkwe mbele, mimi nyuma na mabeseni yake ya hospitali.

Tukiwa njiani, mvuke! Ule mpira niliosahau kuukaza. Shemeji akafungua boneti. Mama mkwe akashuka, jicho moja limefungwa, akatazama kwa lililobaki. Akasema, lahaula, hii si rangi ya kucha niliyomnunulia binti yangu? Shemeji akanigeukia polepole. Akaniamuru nisukume. Mama mkwe alirudi ndani, akakataa kushuka tena. Alichungulia dirishani akaniambia, sukuma, baba, hata banda la kuku lina magurudumu siku hizi.

Jumatatu, 10 Juni

Mgongo umekataa kunyooka. Nimetafakari kwa utulivu. Kosa si langu, ni la rangi: nyekundu huchanganya macho. Nimenunua ya bluu. Chupa kubwa, inatosha kila plagi.