Skrini Iliyougua Dirishani

Jumatatu, 3 Juni

Skrini yangu imeanza kuugua. Asubuhi ukurasa mweupe ulikuwa mweupe. Kabla ya chai ukawa na rangi ya bwawa la kuogelea. Nikasukuma kiti nyuma nitafakari, weupe ukarudi. Nikasogea mbele nifanye kazi, bwawa likarudi. Ajabu ya kuandikwa.

Na imechagua siku. Leo mhariri mkuu, ambaye ofisi nzima humwita Mama, ametuita sisi wasanifu wa majalada. Msanifu mkuu amestaafu. Atakayetengeneza jalada bora la kitabu cha lishe ya watoto kufikia Ijumaa atarithi kiti chake. Nakitaka kiti hicho. Nimekitaka tangu siku ya kwanza, kimyakimya, kama mtu anavyotaka kulala.

Wasanifu tuko wawili, mimi na Mwendapole. Jina hilo nimempa mimi, moyoni, kwa ajili ya yule simba wa methali, mwenda pole mla nyama. Hapandishi sauti. Hata kalamu huiazima kwa kuomba radhi. Mtu wa hivyo ana mpango.

Alipita nyuma yangu akaniambia, dada, angalia waya, mara nyingi huwa ni waya tu. Nikamshukuru. Anayekitaka kiti unachokitaka wewe hakupi jibu la bure. Kwa hiyo waya nimeutoa katika watuhumiwa. Isitoshe, waya ule ni wangu binafsi. Niliununua mwenyewe, mrefu, umefumwa vizuri kama msuko. Kompyuta zetu zimefungwa ukutani na nyaya za ofisi za kuunganishia skrini ni fupi. Wangu unavuka sakafu, unapita chini ya magurudumu ya kiti changu, unafika hadi dirishani. Bila huo ningekaa karibu na mlango wa choo, uso kwa uso na Mwendapole.

Jumanne, 4 Juni

Vumbi. Nimefuta skrini mbele na nyuma kwa kitambaa cha miwani. Wakati nimeinama nyuma yake, kiti kikiwa kando, rangi zilikuwa sawasawa. Nilipokaa, bwawa. Skrini inapona ikiwa haina wa kuitazama. Nimewahi kujuana na watu wa namna hiyo.

Mchana nikaongeza wekundu kwenye mipangilio ya skrini, mpaka mwisho. Ikatulia. Nikasogea nyuma niifurahie. Ukurasa wote ukaiva wekundu, kama mtu aliyesikia akisengenywa. Nikairudisha mipangilio ilivyokuwa.

Jioni nimemweleza Shangazi. Ninaishi kwake, naye hushona nguo za harusi sebuleni. Akaniuliza, pini mdomoni, skrini inakuwaje nikitulia. Nikamjibu kazi yangu ni ya kufikiri, na mimi hufikiri kwa kusogea. Akasema basi mwanangu punguza kufikiri, utaharibu mali za watu.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamua kufanya uchunguzi wa kisayansi. Nimefika kabla ya wote nikabadilisha skrini. Yangu kwenye meza ya Mwendapole, yake kwenye yangu. Zinafanana kama mapacha. Kila kitu kingine nimekiacha mahali pake, waya wangu nao umebaki kwangu, ndivyo uchunguzi unavyotaka. Kitu kimoja tu ndicho kibadilike.

Matokeo. Skrini yake ilikuwa nyeupe mezani kwangu mpaka nilipojongea kuanza kazi. Bwawa. Skrini yangu mezani kwake imekuwa nyeupe siku nzima, inang'aa, haina aibu.

Nimehitimisha. Skrini ya Mwendapole ilikuwa mgonjwa miaka yote naye akanyamaza. Ya kwangu imepona kwa kubadilishiwa hewa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Wakati wa mapumziko niliingia chini ya meza yake nichomoe skrini, nirudishe kilicho changu. Akanikuta humo. Nikasema natafuta hereni. Sivai hereni. Akapiga magoti akanisaidia kuitafuta, kwa bidii, hadi nyuma ya kabati. Alipoikosa akasikitika kweli. Akasema pole, dada, labda ilidondokea nyumbani. Halafu akauliza kama nimejaribu waya mwingine. Nikamwambia nimejaribu.

Alhamisi, 6 Juni

Mtunza stoo alikuwa na skrini moja mpya, bado ikiwa ndani ya boksi. Nimemwambia mtunza stoo kwamba Mwendapole ameikataa. Hajaikataa, hajui kama ipo, ila angejua angeikataa, ndivyo alivyo. Nikaifunga dirishani kwa waya wangu mzuri. Nyeupe kama maziwa. Nikavuta kiti. Bwawa.

Skrini tatu, ugonjwa mmoja. Mtu asiyesoma angechanganyikiwa. Mimi nimekaa nikajiuliza kitu gani kimekuwepo mara zote tatu. Jibu likanijia lenyewe, sikulitafuta. Dirisha. Jua linaingia, joto linapanda, rangi zinachemka. Nimeziba kioo kwa boksi la skrini mpya.

Muda umeisha, na boksi linaanguka kila mara. Nimemalizia jalada kwa akili, si kwa macho. Kama skrini inameza wekundu, mimi naongeza wekundu. Picha ni mama amempakata mtoto, kikombe cha maziwa mkononi. Nimeichora vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 7 Juni

Majalada yamechapishwa, yakawekwa mezani kwa Mama. Mtoto wa Mwendapole ana rangi ya mtoto. Wangu ameiva kama nyanya. Mama yake naye ameiva. Maziwa yamekuwa ya waridi. Mama mhariri akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akasema kabla hatujamlisha huyu, apelekwe hospitali.

Nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Mwendapole ndiye aliyesema, polepole, kwamba mchoro wangu ni bora kuliko wake, kosa ni la rangi, akaomba nipewe mpaka Jumatatu. Mama akakubali.

Mla nyama gani anasukuma sahani kwa mwenziwe? Nimelitafakari nikashindwa.

Kabla ya kuondoka akaniletea waya kutoka kwao, mrefu, mpya. Akasema huu unafika dirishani, jaribu tu, tafadhali. Nikaupokea kwa mikono miwili. Umenifaa sana. Nimefungia boksi dirishani, sasa halianguki.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepunguza wekundu kwa kiasi kilekile nilichozidisha. Halafu nikapunguza tena, kwa tahadhari.

Mama ameliangalia jalada muda mrefu. Akasema Ijumaa mtoto alikuwa na homa, leo amekuwa kijani kama nyongo. Kisha akasema neno la upole, mwanangu, nalo ndilo lililoniumiza. Kiti amepewa Mwendapole.

Nimempa mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho jingi kuliko wangu. Amri yake ya kwanza ilikuwa ombi. Aliomba radhi, akaomba meza yangu isogezwe ukutani na nitumie waya mfupi wa ofisi. Nilijua anataka dirisha. Nikasogea, sina ubishi na wakubwa.

Tangu saa hiyo skrini haijaugua hata mara moja. Nimesogea mbele, nyuma, nimezunguka na kiti. Nyeupe. Nikamwita mkuu wangu nikamweleza kwamba sasa imethibitika, lilikuwa dirisha. Akatazama waya wake uliofungia boksi. Akasema ni sawa, dada. Akaongeza kwamba jalada linalofuata nitalifanya mimi.

Dirishani hajakaa. Pako wazi. Bado sijaelewa mpango wake.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbili za amani. Mlango wa choo mtu huuzoea.

Waya wangu sikuuacha ofisini, kitu kizuri hakitupwi. Nimeukunja nikamletea Shangazi. Kompyuta yake, anayotazamia mitindo ya magauni, iko kwenye kona na waya wake haufiki kwenye cherehani. Nimeifunga skrini yake kwa wangu, nikaisogeza mpaka mbele ya macho yake. Akafurahi. Akaniita binti wa maana.

Hakushona hata upindo mmoja. Cherehani ilipoanza kutikisa sakafu, bibi harusi wa kwenye skrini akaingia bwawani. Gauni, shela, meno.

Nikamwambia asiogope, ugonjwa huu naujua, nimeutibu. Nikafunga pazia.

Shangazi akatoa pini mdomoni, akauliza kama nimeangalia waya.

Nikamuuliza amekuwa akizungumza na nani.