Vitenzi Nilivyomfundisha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Miaka tisa nimekuwa mkwe pekee katika nyumba ile. Mkwe mmoja, fundi mmoja wa majokofu, mtu mmoja wa kuitwa bomba likivuja. Leo nimekuta picha yangu ya harusi imehamishwa. Ilikuwa juu ya televisheni. Sasa iko kwenye ujia, karibu na choo. Mahali pake imewekwa picha ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, pamoja na mume aliyempata huko alikokwenda kusomea uuguzi. Mslovakia. Mrefu mpaka fremu imemkata nywele. Nimempa jina: Mlingoti.

Mama mkwe hakuona haya. Amesema uso wangu ameshauzoea. Kisha akanieleza kwamba Jumapili atazungumza na Mlingoti kwa simu ya video, mara ya kwanza ana kwa ana, na ameagiza kitabu cha Kislovakia ili amkaribishe kwa lugha aliyonyonya. Mama huyu amekuwa mkunga miaka thelathini na minne. Amezalisha nusu ya mtaa. Na kwa miaka yote tisa hajajifunza hata jina la spana yangu moja.

Nimekunywa chai yake. Sukari haba. Zamani haikuwa hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita chini ya dirisha lake, nikamsikia akikariri. Som, si, je. Mimi ni, wewe ni, yeye ni. Sauti laini, ile ya kubembelezea kichanga. Mimi hunisemesha kwa ile nyingine, ya kumwambia mzazi asukume.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nimeingia na kujitolea kumfundisha. Nimesema chuo cha ufundi nilisoma na Mslovakia. Ukweli ni kwamba nilisoma na mtu aliyekuwa na koti la kutoka nje. Mama mkwe amefurahi, kwa kuwa maandishi madogo yanamchosha macho. Mke wangu ameniangalia jinsi anavyoangalia tarehe ya mwisho kwenye chupa ya dawa. Anauza dawa, ana jicho hilo.

Nimepiga picha kurasa za vitenzi kwa simu. Nasoma nikiwa nimeinamia majokofu ya watu. Mteja ameuliza ninanong'ona nini humo ndani. Nimemwambia nasikiliza gesi.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la kwanza. Kusema haki, lugha yenyewe si mbaya. Sisi mwenye kitendo tunamtanguliza: ninafanya, unafanya, anafanya. Wao wanamburuta mkiani. Robím, ninafanya kazi. Robíš, unafanya kazi. Robí, anafanya kazi. M ni mimi, š ni wewe, na yule yeye hapewi kitu, kama mkwe wa zamani.

Mama mkwe anashika upesi kuliko mwalimu wake. Nilipokwama kwenye wingi alinivusha: robíme, robíte. Nilijifanya nilikuwa namjaribu.

Kisha tukafika kwenye maneno ya Jumapili. Alitaka kumwambia Mlingoti "nakungoja" na "nakupenda." Kungoja ni čakám. Kupenda ni ľúbim. Nayajua kama viganja vyangu. Kwa hiyo nimemfundisha kwamba nakungoja ni varím ťa, na nakupenda ni kradnem ťa.

Varím ťa maana yake nakupika. Kradnem ťa, nakuiba.

Ameyarudia mara ishirini, macho kayafumba. Matamshi safi kabisa. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Dhamiri imenishika shati tangu asubuhi. Nimekwenda kukiri. Nimemkuta amevaa gauni alilovaa kwenye harusi yetu, lile la bluu, akijaribu maneno mbele ya kioo. Varím ťa, syn môj. Nakupika, mwanangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo alipoomba nibadilishe taa ya sebuleni, Mlingoti apate kumwona vizuri.

Nikiwa juu ya ngazi, jirani akaingia kuangalia ile picha. Mama mkwe akamwambia mkwe wake wa pili ana macho ya upole. Jirani akakubali, kweli yana upole. Nikangoja waseme ya mkwe wa kwanza yakoje. Wakahamia kwenye bei ya sabuni.

Taa nimeifunga. Kukiri nimekuacha.

Jumapili, 9 Machi

Simu ilipigwa baada ya chakula cha mchana. Sote tumezunguka meza. Mlingoti akatokea, shemeji pembeni yake, amekaa wima kama anasubiri kupigwa sindano. Ana woga, masikini. Nilifurahi.

Mama mkwe akasafisha koo, akasema yote mawili bila kukosea herufi.

Shemeji akaziba mdomo. Mlingoti akapepesa macho, akaangalia nyuma yake. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kiti kikamkimbia, tukabaki tunaona ukuta. Aliporudi alikuwa na mama yake, mwenye aproni na mikono ya unga, na mama mkwe akaombwa arudie. Akarudia, mara hii na mkono wa kukoroga. Yule mama akajibu kitu kirefu. Shemeji akatafsiri huku akijifuta machozi: mwibeni tu, lakini mpikeni taratibu, ni mifupa mitupu.

Ikawa hivyo dakika arobaini. Woga wote umekwisha. Mlingoti anamwita Mama. Mimi ilinichukua mwaka na nusu.

Walipokata simu, mama mkwe aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Baba," akaniambia, "kile kitabu kina picha. Kwenye varím pana sufuria. Kwenye kradnem pana mtu anaruka ukuta na televisheni ya watu."

Nikauliza, kwa sauti iliyobaki, sasa kwa nini ameyasema.

Amesema alijua tangu Alhamisi jioni. Kwanza alitaka kunichapa. Kisha akacheka peke yake siku tatu, akaona kijana wa watu anayetetemeka atafaidi kicheko kuliko salamu. "Nimezalisha watoto wasio na idadi," akasema. "Kila wa pili akifika, wa kwanza hununa. Wengine huuma. Lakini sijaona mama aliyemtupa wa kwanza kwa sababu hiyo. Ungesema tu kwamba unaumia."

Akakifungua kitabu mwenyewe, akanitafutia kitenzi: závidím, naona wivu. Akaniamuru nikitaje chote nikiwa nimesimama. Závidím. Závidíš. Závidí. Závidíme. Závidíte. Nilipofika "wao wanaona wivu," závidia, sauti ilinikatika. Akanipa kitambaa cha vyombo nijifute, na chai. Sukari vijiko vitatu.

Nimeapa. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 11 Machi

Mtu mwingine amedumu siku mbili kasoro.

Asubuhi Mlingoti ameniandikia, shemeji ametafsiri. Wanakuja mwezi ujao. Anataka aingie nyumbani akisema Kiswahili, na amesikia nafundisha vizuri, tena nachekesha. Ameniita kaka mkubwa. Nimeguswa, sikatai. Nimemjibu kwa moyo mweupe kwamba tutaanza jioni.

Mchana mke wangu akaniambia mama yake amemwita seremala arefushe kitanda cha wageni shibiri mbili, Mlingoti asining'inize miguu. Nimemkumbusha kwamba mimi kwenye kitanda hicho nalala nimejikunja kama uduvi, tangu mwaka wa kwanza. Amesema sijawahi kulalamika.

Jioni nimeketi nikaandika somo, nikamtumia mwenyewe kwa tafsiri ya simu, liwe siri yetu hata kwa shemeji. Sina kinyongo na mtu. Ni kitenzi kimoja tu, wakati uliopo, nafsi ya kwanza, chepesi kwa ulimi wa mgeni. Nimemweleza kwamba mkwe mwenye adabu, akishavuka kizingiti, humshika mama mkwe mikono yote miwili, humtazama machoni, na kumwambia kwa sauti ya kusikika na majirani:

"Mama, ninanuka."