Kaka Mkubwa Asiye na Miguu

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Elektroniki, ghorofa ya kwanza.

Ndugu Meneja,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba kikitoka kitu kipya, cha zamani huona aibu na kujiondokea chenyewe. Hakiondoki. Kinabaki rafuni, na mtu mwenye heshima zake anakinunua. Mtu huyo ni mimi. Ninakuandikia kwa utulivu kukuomba uache kuuza miwani ya uhalisia pepe ya toleo la zamani pamoja na toleo jipya.

Nilifundisha jiografia maisha yangu yote na siwezi kuanzia jambo katikati, kwa hiyo nivumilie nieleze. Mdogo wangu, fundi mstaafu wa treni, anaishi mbali, na magoti yetu hayapendi tena safari. Katika watoto wa baba yetu tumebaki sisi wawili tu. Kila Jumamosi, yeye akiwa kwake na mimi kwangu, tunavaa miwani hiyo, tunajikuta tumekaa kwenye meza moja, tunacheza karata. Mimi nilinunua ya zamani hapo kwako. Yeye, mwanawe alimnunulia mpya. Yakaanza haya:

1. Sina miguu. Toleo la zamani humchora mvaaji kichwa, kifua na mikono, kisha huacha, kama fundi aliyeitwa kula. Toleo jipya humchora mtu mzima mpaka viatu. Siku ya kwanza mdogo wangu alinitazama, akachungulia chini ya meza, akainuka taratibu. "Shikamoo, kaka. Mbona umeishia kiunoni?" Niliitikia marahaba, kwa kuwa marahaba haihitaji miguu. Lakini tangu siku hiyo anakunja nne mbele yangu. Marehemu baba asingekubali. Nami siwezi kumrudishia kwa kukunja nne yangu, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja.

2. Uso wangu haushirikiani nami. Toleo jipya lina kamera ndogo kwa ndani zinazosoma macho na midomo. Mdogo wangu akicheka, sura yake pale mezani inacheka. Yangu ilitoka kiwandani ikitabasamu na inaendelea kutabasamu. Nilipomweleza kwamba mke wangu amelazwa, aliutazama uso wangu, akauliza kwa upole, "Kaka, kwani mmegombana?"

3. Dukani kwako toleo jipya liko ndani ya kabati la kioo lenye taa. La zamani liko rafu ya chini kabisa, kati ya pasi na feni. Nililalamika kwa binti wa mauzo. "Mzee wangu, ya zamani bado inafanya kazi vizuri tu," alinijibu, huku akinishika kiwiko ili nisijikwae kwenye waya.

4. Kama mtang'ang'ania kuuza matoleo yote mawili, basi pawe na utaratibu. Kila mnunuzi aulizwe amezaliwa wa ngapi. Kifungua mimba auziwe jipya, kitinda mimba la zamani. Mapacha waje na mtu aliyeshuhudia. Mdogo akikutwa na toleo jipya kwa njia yoyote ile, kiwanda kimfiche miguu mpaka kaka yake apate ya kwake. Na akikunja nne kabla ya hapo, mashine ijizime. Wale waliozaliwa peke yao wachague wenyewe, kwa kuwa hawana wa kumkosea adabu.

5. Kwa sababu hizo nimegoma kwenda mezani. Jumamosi ikifika, kitaa cha miwani huwaka kuniita, nami hukifunika kwa taulo. Najua mdogo wangu amekaa kule peke yake, karata zimeshachanganywa. Baadaye humpigia simu mke wangu, ambaye sasa amepona.
"Shemeji, kaka anaumwa au amenuna?"
"Amenuna," humjibu, nami nikiwa nimekaa palepale.
Unaona mwenyewe, Ndugu Meneja, rafu yako imefika wapi. Ndugu wawili waliobaki duniani hawaonani.

Naomba basi uondoe matoleo yote ya zamani, asiuziwe mtu hata moja, ili kaka wengine wasifike nilipofika.

Wasalimie wafanyakazi wote, pamoja na mlinzi wa mlangoni na wote walio nyumbani kwako.

Ni mimi mteja wako, mwenye miguu miwili kamili,
Mwalimu mstaafu.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mke wa mwanangu aliniletea toleo jipya aliloazima kazini kwake, akanivalisha kwa lazima. Nilikuwa na miguu, nikaikunja nne papo hapo. Mdogo wangu alisimama. "Kaka! Umekuja mzima mzima!" Kisha akasema, "Unalia." Nilikana, lakini ile sura ilikuwa imeshamwonyesha. Tukacheza. Nilifungwa michezo yote, mimi ambaye hajawahi kunifunga tangu tuanze kukutana kwenye meza ile. Nikishika turufu, anacheka kabla sijaitupa. "Macho yako yanasema yote, kaka. Zamani nilikuwa nacheza na sanamu."

Nimetafakari. Kaka mkubwa anaweza kuishi bila miguu. Kufungwa na mdogo wake hawezi. Ya kwangu niliigawa jana kwa hasira, nilipomaliza kuandika hayo ya juu, na mchezo wa marudiano ni jioni hii. Barua hii naileta mwenyewe; niwekee moja ya zamani leo, kabla hujafunga duka.